Uchafu wa Nani?

Swali ninalotaka kulijadili katika insha hii linaweza kuonekana dogo, hata la kitoto. Je, ni haki mtu achukue kitu kipya alichokitengeneza kwa mikono yake, kisha akipake kutu, masizi na madoa ya mafuta ili kionekane kimetumika miaka arobaini? Kitu chenyewe ni banda la injini za garimoshi. Ni la kadibodi, lina urefu wa sentimita 60, na linakaa juu ya kabati katika chumba nilichopanga karibu na chuo. Wenzangu wanaoingia humo huuliza kwanza limetengenezwa kwa nini. Swali la pili huwa ni hili: "Sasa mbona umelichafua?" Nadhani swali hilo la pili linastahili jibu refu kuliko ninaloweza kumpa mgeni aliyesimama mlangoni.

Ufundi huu una wenyewe. Uingereza, Ujerumani na Marekani kuna watu wazima, wengine wamestaafu, ambao hutengeneza modeli za reli kwa vipimo maalumu. Kipimo kinachopendwa sana Uingereza ni milimita 4 kwa kila futi moja, yaani takriban 1 kwa 76. Kwa kipimo hicho mtu wa kimo cha kawaida anakuwa na milimita 23 tu, na mlango unaoweza kumeza injini nzima unafunikwa na kiganja. Banda la injini ni jengo wanalolipenda kwa sababu linakusanya injini nyingi mahali padogo. Nao hawaliachi likiwa jipya. Wakimaliza kujenga huanza kazi ya pili, ambayo mimi naiita kuchakaza. Rangi nyembamba ya kijivu hupitishwa ukutani ikaingia katika mistari ya matofali, kisha iliyobaki juu ikafutwa. Brashi iliyokaribia kukauka hupitishwa kwenye kingo ili zionekane zimelika. Unga wa rangi husuguliwa kuzunguka matundu ya moshi. Mwishoni hupulizwa vanishi isiyong'aa, maana hakuna kinachoiumbua plastiki haraka kama mng'ao wake.

Mimi sina duka la vitu hivyo. Chaki za darasani zilizosagwa, masizi yaliyokwanguliwa chini ya sufuria inayokaa kwenye sigiri, na dawa ya kupulizia nywele ya kuyashikilia yasidondoke, vimetosha. Mabati ya paa ni karatasi ya fedha iliyokandamizwa juu ya kitana chenye meno membamba. Sitaeleza zaidi, kwa kuwa hii si insha ya ufundi.

Shtaka la kwanza dhidi ya kazi hii ni la kale. Plato, katika kitabu cha 10 cha *Jamhuri*, anamweka mwigaji mbali na ukweli: kuna kitanda katika umbo lake halisi, kuna kitanda cha seremala, na kuna picha ya kitanda iliyochorwa na mtu ambaye si lazima ajue hata namna ya kuunga miguu yake. Mtu anaweza kudai kwamba mchakazaji yuko pabaya kuliko mchoraji huyo, kwa sababu haigi umbo peke yake, anaiga wakati. Kutu ni ushahidi kwamba mvua ilinyesha. Anayepaka kutu mahali ambapo mvua haikunyesha ametoa ushahidi wa uongo.

Shtaka hili lina uzito kwetu sisi tunaoyajua masoko ya vinyago. Kinyago kilichochongwa juzi kinaweza kupakwa rangi ya viatu, kikafukiwa ardhini, kikaanikwa moshini, kisha kikauzwa kwa mgeni kama kitu cha mababu. Mikono ya muuzaji huyo na yangu inafanya kazi ileile, pengine yake ni hodari zaidi. Kwa hiyo tofauti, kama ipo, haiko katika ufundi. Iko katika makubaliano kati ya anayetengeneza na anayetazama. Mnunuzi wa kinyago akiambiwa ukweli atadai fedha zake. Anayetazama banda akiambiwa kwamba kutu ile ni chaki, hucheka na kusogea karibu zaidi. Furaha ya wa kwanza ilitegemea kutojua kwake. Ya wa pili inaanza pale anapojua. Aristotle alikwisha kuligusa jambo hili katika kitabu chake kuhusu ushairi, aliposema kwamba tunafurahia kutazama mifano sahihi ya vitu ambavyo, vyenyewe vikiwa mbele yetu, vingetuchukiza. Sioni basi kama shtaka la uongo linasimama. Ningeishia hapa kama nisingekuwa na babu.

Babu yangu mzaa mama alifanya kazi katika Shirika la Reli la Afrika Mashariki, jijini Nairobi, hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 akarudi Uganda. Kiswahili ninachokisomea chuoni nilikisikia kwanza kinywani mwake, nacho ni Kiswahili cha reli: dreva, fayamani, gadi, spana, na siku inayohesabiwa kwa zamu. (Walimu wangu wamekuwa wakinisahihisha baadhi ya maneno hayo tangu mwaka wa kwanza. Mengine nimeyaficha.) Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kusafisha injini. Nilipompelekea picha za banda, alizitazama moja baada ya nyingine, akanirudishia simu na kusema, "Mjukuu wangu, huu uchafu mimi nililipwa kuuondoa."

Hakusema kwa hasira. Lakini shtaka lililomo katika maneno hayo ni zito kuliko la Plato, na si la uongo tena. Babu hadai kwamba nimedanganya. Pengine anadai kwamba nimesema kweli mno kwa urahisi mno. Uchafu ninaoupaka kwa jioni mbili tatu, nikisikiliza muziki, yeye aliusugua kwa matambara na mafuta ya taa akiwa amelala chali chini ya chuma kilichokuwa bado na joto. Mimi nasifiwa kwa kuuweka. Yeye aliutoa, na hakuna aliyesimama kumsifu. Tunazijua picha za namna hii: bati lililotoboka, ukuta ulioungua, mikono yenye sugu, na mpiga picha anapongezwa kwa uteuzi wake wa rangi. Mzigo wa mtu umegeuka pambo la mwingine. Je, modeli iliyochakazwa si hivyo hivyo?

Nilianza kutafuta jibu kwa kuuliza uchafu wa injini unasema nini hasa, na historia ya Waingereza wenyewe ilinisaidia. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia mabanda yao yalikuwa na vijana wengi wa kusafisha. Usafishaji ulikuwa ngazi ya kwanza: kijana alianza na tambara, akawa fayamani, na baada ya miaka mingi akawa dreva. Injini za wakati huo ziling'aa. Baada ya vita palikuwa na kazi nyingine zenye malipo bora na zisizochafua, na mabanda yakakosa vijana wa kutosha. Katika miaka ya mwisho injini nyingi zilikuwa zimefunikwa na masizi kiasi kwamba rangi yake ilikuwa ya kukisia tu. Ziliendelea hivyo hadi tarehe 11 Agosti 1968, siku ya safari ya mwisho ya abiria iliyovutwa na injini za mvuke katika reli kuu za taifa hilo.

Tazama basi maana yake. Anayetengeneza injini ya mwaka 1967 na kuipaka weusi mtupu anasema jambo kuhusu ajira, ajue asijue. Na anayetengeneza ya mwaka 1935 ikang'aa anasema jambo lilelile kwa upande wa pili, kwa sababu mng'ao ule ulitokana na saa za vijana wengi waliolipwa kidogo. Usafi si hali ya asili ya injini ya mvuke. Injini ikiachwa peke yake inachafuka. Ikiwa safi, kuna mtu aliyeisafisha jana. Ndiyo maana sikubali kwamba kuiacha modeli ikiwa mpya ndiko kumheshimu babu. Usafi wa kitu kilichotoka kiwandani au kwenye mkasi haukutokana na tambara la mtu yeyote. Modeli safi ya namna hiyo inamfuta babu kabisa, kwa kuwa inaonyesha dunia ambayo kazi yake haikuhitajika. Modeli chafu inakiri angalau kwamba ilihitajika.

Neno "angalau" nimeliweka makusudi. Uchafu unaopakwa ovyo, kwa sababu tu unapendeza, bado ni pambo. Kinachoweza kuutoa huko, kwa maoni yangu, ni kila doa kuwa na sababu ambayo mpakaji anaweza kuitaja akiulizwa. Masizi yako wapi? Yako juu ya mahali bomba la moshi la injini husimama, wala si dari nzima kwa usawa. Kutu inaanzia kwenye tundu la msumari na kushuka kwa mstari, kwa sababu maji hushuka. Chini ya bomba kubwa la kujazia maji kuna weupe wa chokaa na ukijani kidogo, kwani pale hapakauki. Ukuta umelika kwenye kimo cha bega upande ule watu wanaopita nao, na chini, kati ya reli, kuna njia iliyokanyagwa kutoka kwenye shimo la ukaguzi hadi kwenye kabati la vifaa. Ukilipaka banda kwa utaratibu huo unalazimika kuuliza nani alipita wapi, akibeba nini, mara ngapi kwa siku. Mchoraji wa Plato hakuhitaji kujua kazi ya seremala. Mchakazaji asiyejua kazi ya bandani hawezi kuweka hata doa moja mahali pake.

Mfano mmoja utatosha. Maelekezo mengi ya kuchakaza yameandikwa kwa mabanda ya makaa ya mawe, na humo majivu ni nusu ya kazi: mashimo ya kumwagia moto, vilima vya kijivu na vipande vya makaa yaliyoungua vilivyozagaa kila mahali. Lakini injini ambazo babu alizijua zaidi ni zile kubwa za daraja la 59, aina ya Garratt, zilizovuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Zilijengwa 34 na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester katika miaka ya 1955 na 1956, kila moja ikiwa na uzito wa tani 252. Anayetaka kuiona mojawapo aende katika Makumbusho ya Reli Nairobi. Namba 5918, Mount Gelai, imehifadhiwa hapo. Injini hizi ziliunguza mafuta mazito. Hazikuwa na majivu ya kumwagwa. Anayefuata maelekezo ya Waingereza neno kwa neno atalimwagia banda la Nairobi majivu ya Lancashire, na majivu hayo yatamnyima mfanyakazi wa Nairobi kazi yake halisi na kumpa ya mtu mwingine. Uchafu wa kule ulikuwa wa mafuta: weusi unaoteleza, unaoshika mchanga, usiotoka kwa maji. Babu anasema ulikaa kwenye kucha hata wakati wa likizo. Juu yake kulikuwa na vumbi jekundu, kwa maana injini iliyotoka Mombasa ilikuwa imepita Tsavo. Kwa hiyo banda langu halina jivu hata chembe, na sakafu yake imechukua muda mrefu kuliko paa na kuta kwa pamoja.

Babu mwenyewe aliongeza jambo ambalo sikulipata katika maelekezo yoyote. Zamu ikiwa fupi na injini inatakiwa kutoka, alisema, hukuanza na tangi wala magurudumu. Ulianza na namba. Ulifuta namba ubavuni mwa kibanda cha dreva, kioo cha taa, na kishikio ambacho dreva angekishika akipanda. Mengine yalingoja. Kwa hiyo injini ya kweli ya zamu fupi ni nyeusi yote isipokuwa madirisha matatu madogo ya rangi ya damu ya mzee, yenye kingo za mviringo kama mkono unavyozunguka. Garratt yangu ya kadibodi, yenye sentimita 42, bado haijakamilika, lakini sehemu hizo tatu nimekwisha kuzifanya. Nilipaka uchafu kwanza kisha nikaufuta kwa kitambaa kilichozungushwa kwenye ncha ya kijiti. Ningeweza kuziziba kwa karatasi tangu mwanzo ili rangi ibaki safi, na pengine matokeo yangependeza zaidi. Sikufanya hivyo. Sitaki kulikuza jambo hili, ila nadhani kuna tofauti kati ya mahali palipofutwa na mahali ambapo uchafu haukufika, hata kama jicho haliioni.

Kuna wenzangu watakaosema kwamba nimeipendezesha reli ambayo haikuwa yetu. Hoja hii siipuuzi. Kwa kujenga njia ya kutoka Mombasa hadi ziwani, kuanzia mwaka 1896 hadi 1901, waliletwa wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walifariki. Hilo nitalipaka wapi? Halina mahali katika paa wala sakafuni. Kuchakaza kunaweza kueleza yale tu yaliyoacha alama, na mengi mazito hayakuacha. Hapa naona mpaka wa ufundi huu, na sina rangi ya kuuvuka.

Lakini mara nyingine hata dhuluma huacha alama, na hapo mchakazaji hana ruhusa ya kujifanya haoni. Injini za daraja la 59 zilipewa majina ya milima. Zile za daraja la 60, zilizofika Uganda pia, zilipewa majina ya magavana wa kikoloni wa Kenya, Tanganyika na Uganda, na baadaye vibao hivyo viliondolewa. Anayetengeneza modeli ya injini hiyo lazima achague mwaka. Akichagua miaka ya hamsini, gavana yupo na shaba yake inang'aa, tena imeng'arishwa na mtu kama babu. Akichagua baadaye, hapana kibao. Kuna matundu ya skrubu, na labda mstatili wa rangi ambayo haikupauka. Mimi naupenda huo mstatili kuliko kibao na kuliko ubavu uliopakwa upya usionyeshe kitu. Nilimuuliza babu wao waliziitaje injini hizo enzi za vibao. Akasema waliziita kwa namba.

Wapo pia wanaofanya kazi hii kwa sababu nyingine kabisa, nami nawaheshimu. Roye England alitoka Australia akafika Uingereza mwaka 1925, akaona nyumba za zamani za vijiji vya bonde la White Horse zikibadilishwa na kupotea, akaanza kuzitengeneza kwa kipimo hicho cha milimita 4 kwa futi. Makumbusho ya Pendon, yaliyotokana na juhudi zake, yapo hadi leo. Yeye aliogopa kusahau kitu alichokipenda. Sisi wa huku tuna kazi ngumu kidogo: kukumbuka kitu ambacho hatuna hakika kama tukipende, na ambacho hata hivyo wazee wetu walikitolea mgongo wao. Babu anaipenda reli. Hilo nisipolisema nitakuwa nimemsemea vibaya. Anaipenda kwa namna ambayo hakuna hoja yangu ya uhuru na ukoloni inayoweza kuitikisa, na nimeacha kujaribu.

Limebaki suala la watu. Modeli nyingi za mabanda huwekewa sanamu ndogo za wafanyakazi: mmoja ameshika beleshi, mmoja anavuta sigara, wawili wanazungumza. Mwenzangu mmoja wa darasani anashikilia kwamba bila mtu banda langu ni kaburi. Mimi nilisita kwa muda mrefu, kwa sababu sanamu ya milimita 23 inayoinua beleshi haiteremshi kamwe, na kwangu hilo ni pambo baya kuliko kutu yoyote. Nilimpelekea babu suala hili mwezi uliopita. Aliuliza injini imesimama wapi. Nikamwambia juu ya shimo la ukaguzi. "Basi weka miguu tu," akasema. "Aliyekuja bandani mchana aliona miguu yetu."

Kila mguu una milimita 3 na kidogo. Nimeichonga kutoka vijiti viwili vya kiberiti, vidole vikiangalia juu, na ninasubiri aniambie kama walivaa viatu.